vCenter ya zamani imegoma, mpya haikuinuka: nianzie wapi?

Swali: Salaam aleikum, kaka. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa pekee katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Shimanzi. Tuna seva tatu zenye ESXi 7 (mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe), zote chini ya vCenter 7 (chombo cha kuzisimamia zote kutoka mahali pamoja). Jumapili usiku nilijaribu kuipandisha vCenter kwenda toleo la 8. Hatua ya kwanza ilikwisha salama. Ya pili ilinakili data, ikaanza kuwasha huduma, ikaanguka. Nikaizima mpya, nikaiwasha ya zamani, nayo sasa nikiifungua kwenye brauza naona maneno "no healthy upstream" tu. Mashine pepe za hesabu, mafaili na barua pepe bado zinafanya kazi. Miezi minne nyuma stima ilikatika ghafla na UPS haikuhimili, lakini baada ya hapo kila kitu kilikuwa shwari. Je, nizizime seva zote niziwashe upya? Au nifute vCenter nianze moja? Bosi bado sijamwambia.

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla hujamaliza kusoma: usizizime hizo seva tatu, wala usifute chochote.

Mashine zako za hesabu na mafaili zinaendeshwa na ESXi iliyo ndani ya kila seva, haziendeshwi na vCenter. vCenter ni kama karani wa gati. Yeye ndiye ajuaye kontena gani liko wapi na ndiye atoaye amri ya kulihamisha, lakini akiugua mizigo haitoki mahali pake. Hata HA, ile kinga ya kuziinua mashine seva moja ikifa, bado iko kazini, kwa sababu mawakala wake wanakaa ndani ya seva zenyewe. Ukizima seva leo utazima kwa mkono wako kile ambacho hitilafu imekiacha salama, na bila vCenter huna njia ya kuzihamisha mashine zikiwa hai kutoka seva moja hadi nyingine kabla ya kuizima.

Kilichokupotea ni uhamishaji huo wa moja kwa moja, DRS (inayozigawa mashine kati ya seva yenyewe), mabadiliko kwenye swichi ya pamoja (distributed switch) kama mnayo, na jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: bekapu. Programu nyingi za bekapu huipitia vCenter ili kujua mashine ziko wapi. Inawezekana kabisa kwamba tangu Jumapili hamjapata bekapu hata moja. Kaangalie sasa hivi. Kama ni hivyo, iunganishe programu yako na seva za ESXi moja kwa moja kwa muda huu. Itaziona mashine kama ngeni na kuanza bekapu nzima upya, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo.

Bosi mwambie leo. Mficha uchi hazai. Mwambie hivi: kazi za wateja hazijasimama, chombo cha usimamizi kimelala, na bekapu umeishughulikia. Hiyo ni habari anayoweza kuimeza. Asiyoweza kuimeza ni kuja kuijua siku seva itakapokufa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umeuliza kana kwamba upandishaji ndio ulioiharibu vCenter ya zamani. Kwa niliyoyaona, mara nyingi si hivyo. Hatua ya pili haiigeuzi ya zamani. Huichukua data, huizima, kisha humpa mgeni, yaani vCenter mpya, jina na anwani yake. Ndiyo maana njia rasmi ya kurudi nyuma ni hiyohiyo uliyoifanya, kuizima mpya na kuiwasha ya zamani. Kilichotokea ni kwamba Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu stima ile ikatike, vCenter yako ililazimika kuinuka kutoka sifuri. Huduma zilizokuwa zimekwisha kuamka zilikuwa zikiburura maradhi bila kulalamika. Zilipoambiwa ziamke upya, zikashindwa. Na mpya ilianguka kwa sababu ilirithi maradhi yaleyale pamoja na data. Kwa hiyo kazi yako si kufuta na kuanza moja. Itibu ya zamani mpaka isimame imara, ndipo uhame.

Anza kwa kuhakikisha ni moja tu iliyo hai. Fungua ukurasa wa kila seva ya ESXi kwa anwani yake, ingia kama root (msimamizi mkuu), utafute mashine zote mbili za vCenter. Mpya ibaki imezimwa, na kadi yake ya mtandao uiondolee alama ya kuunganishwa, maana sasa zote mbili zinadai anwani moja. Ya zamani angalia kinyume chake, kwamba kadi yake imeunganishwa na inaunganishwa kila iwashwapo. Usishangae kukuta tatizo zima ni hilo, ingawa kwako brauza inajibu, kwa hiyo nadhani mtandao upo.

Halafu izime ya zamani kwa utaratibu na uichukulie snapshoti (nakala ya hali yake ya sasa, ya kurudia) ikiwa imezimwa, ukiwa hapohapo kwenye ukurasa wa ESXi. Iwashe tena. Kuanzia hapa lolote utakaloharibu linarudishika. (Kwa wasomaji wenye vCenter mbili zilizounganishwa pamoja: zote zizimwe kwa wakati mmoja kabla ya snapshoti, na zikirudishwa zirudishwe pamoja. Ukirudisha moja peke yake, zitatofautiana na hutazipatanisha.)

Yale maneno uliyoyaona yanatoka kwa programu ya mlangoni iitwayo Envoy. Maana yake: mlango uko wazi, ndani hakuna anayeitika. Baada ya kuwasha subiri robo saa nzima, kwa sababu vCenter yenye afya pia huonyesha maneno hayo inapoamka. Yakiendelea, ingia kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali kwa maandishi) kama root, nenda kwenye ganda la bash, uandike:

service-control --status --all

Utaona orodha mbili, zilizo hai na zilizosimama. Macho yako yawe kwenye vmware-vpostgres, ambayo ni hazina ya data, vmware-stsd inayotoa tokeni za kuingilia, vmware-vpxd ambayo ndiyo vCenter hasa, na vsphere-ui inayochora ukurasa. Ya mapema zaidi iliyosimama ndiyo ya kushughulikia. vsphere-ui kufa wakati vpxd imekufa si habari.

Kabla ya kwenda mbali, andika df -h, ikuonyeshe diski zimejaa kiasi gani. Dakika moja tu, na imeniokoa mara nyingi. Upandishaji huipakia data kwenye diski ya mashine ya zamani kwanza, ndipo huisafirisha. Ukianguka katikati, mabaki yanaweza kubaki pale. Tazama mzizi (/), /storage/log, /storage/db na /storage/seat. Kimoja kikiwa 100%, umeshampata mtuhumiwa. /storage/archive peke yake usiigope, hiyo hujazwa kwa makusudi na hujisafisha. Ndani ya /storage/db usifute hata faili moja kwa mkono, hata kama jina lake linafanana na logi. Nimeona mtu akifuta mafaili ya PostgreSQL yaliyoitwa "wal" akidhani ni takataka, na pale hakuna kurudi isipokuwa kwa bekapu. Logi za zamani zilizobanwa kwenye /storage/log unaweza kuzifuta. Ikiwa sehemu ni ndogo tu, iongezee diski kutoka ESXi kisha uendeshe:

/usr/lib/applmgmt/support/scripts/autogrow.sh

Diski haikubali kuongezwa wakati snapshoti ipo. Utalazimika kuiondoa, kuongeza, kisha kuchukua nyingine.

Kwa kuwa stima ilikatika kwa nguvu, fungua pia skrini ya mashine yenyewe kutoka ESXi. Kama imekwama katika hali ya dharura ikidai mfumo wa mafaili una makosa, ingia kwa nywila ya root uendeshe e2fsck -y kwenye sehemu inayolalamikiwa, kwa mfano /dev/mapper/log_vg-log. Kwako sidhani, maana brauza isingejibu.

Sasa saa na majina. Andika date ulinganishe na saa yako, ukikumbuka kwamba mashine hii husoma UTC. Hapa ndipo wengi wetu Waswahili tunapopotea kwenye logi. Ajali yako ya saa nne usiku ya Mombasa imeandikwa humo kama 19:00, na mtu anayetafuta tukio la "saa nne" anaweza kuzunguka logi usiku kucha akisoma saa zisizo zake. Saa ikipishana na ya seva za ESXi kwa dakika kadhaa, tokeni za kuingia hukataliwa kana kwamba zimeghushiwa. Zielekeze vCenter na seva zote kwenye chanzo kimoja cha NTP (huduma ya kusawazisha saa).

Kwa majina, fanya pande zote mbili. Kutoka jina kwenda anwani, na kutoka anwani kurudi kwenye jina:

nslookup jina-kamili-la-vcenter
nslookup anwani-ya-vcenter

Nikuhadithie kwa nini nasisitiza huo wa pili. Kuna ofisi moja upande wa Tudor niliitwa usiku, upandishaji umeanguka mara ya tatu mfululizo. Chumba cha seva kilikuwa cha kona, kiyoyozi kimoja kimekufa, skrubu za raki zimeota kutu ya chumvi. Nilikaa sakafuni na laptopi mapajani. Jina la vCenter lilijibu sawasawa kila nilipouliza. Nilipouliza anwani, jibu likarudi na jina la printa. Printa ile ilikuwa imeondolewa kitambo, lakini rekodi yake ya kinyume ilibaki kwenye seva ya DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani na kinyume chake) na hakuna aliyeifuta, kwa sababu hakuna kitu cha kila siku kilichoitumia. Mashine mpya ya vCenter wakati wa kuinuka hujiuliza "mimi ni nani?", ikaambiwa wewe ni printa. Tulifuta rekodi ile moja, tukarudia, na ikapita bila kugusa kitu kingine.

Liangalie na hili: seva yenu ya DNS iko wapi? Katika ofisi nyingi za hapa kwetu ni mashine pepe ndani ya klasta (kundi la seva) hiyohiyo. Si kosa, lakini hakikisha iko hai na imetulia kabla ya kuiwasha vCenter, na ujue iko kwenye seva ipi kati ya tatu. Na jina ulitumie kama lilivyosimikwa, herufi kwa herufi. Jina ambalo vCenter inajijua utalipata kwa amri hii:

/usr/lib/vmware-vmafd/bin/vmafd-cli get-pnid --server-name localhost

Diski ikiwa na nafasi, saa ni sawa na majina yanajibu pande zote, basi tunafika mahali ninapodhani ugonjwa wako umelala: vyeti. vCenter ina vyeti vingi, na watu wanakijua kimoja tu, kile cha mlangoni ambacho brauza hukionyesha kwa alama ya kufuli. Nyuma yake kuna vyeti vya watumishi wa ndani, ambavyo huduma hutumia kujitambulisha kwa huduma nyingine: machine, vpxd, vpxd-extension, vsphere-webclient na wenzao. Vyote hutolewa na mamlaka ya ndani ya vCenter yenyewe na umri wake wa kawaida ni miaka 2. Kisha kuna cheti cha STS, ile huduma ya vmware-stsd, kinachotia sahihi tokeni zote. Vilivyosimikwa kuanzia toleo la 6.5 U2 vilipewa miaka 2 pia, na hicho kikifa hakuna anayeingia. Matoleo ya karibuni yamekipa miaka 10, lakini mashine iliyopandishwa kutoka toleo la nyuma inaweza kuwa imekuja nacho cha zamani.

STS ndiye anayetuhumiwa kwanza popote, ila kwako kuna ushahidi wa kumtetea. Kisimikaji cha upandishaji kilikuomba nywila ya administrator@vsphere.local Jumapili usiku na kikaipokea. Kama STS ingekuwa imekufa, usingevuka pale. Kwa hiyo mimi ningetazama vyeti vya watumishi wa ndani. Hivyo mara nyingi hupitwa na muda bila kelele, mpaka siku huduma zitakapozimwa na kuwashwa. Vikague vyote kwa amri hii, uiandike kwenye mstari mmoja:

for s in $(/usr/lib/vmware-vmafd/bin/vecs-cli store list | grep -v TRUSTED_ROOT_CRLS); do echo $s; /usr/lib/vmware-vmafd/bin/vecs-cli entry list --store $s --text | grep -ie Alias -ie "Not After"; done

Kila ghala litataja jina la cheti na tarehe ya mwisho. Soma miaka. Kama vCenter yenu ilisimikwa miaka 2 na kitu iliyopita na hakuna aliyegusa vyeti, nadhani utaziona tarehe zilizokwisha pita. Cheti cha STS hakimo kwenye maghala haya, kinakaa kwenye saraka nyingine, na hukaguliwa kwa hati ndogo iitwayo checksts.py inayotolewa na Broadcom, wenye VMware sasa. Siku hizi wana pia moja inayoitwa vCert, inayokagua na kutengeneza vyote kwa pamoja. Ukiweza kuipata, itumie hiyo. Ukikosa, chombo kilichomo ndani ya mashine ni hiki:

/usr/lib/vmware-vmca/bin/certificate-manager

Chaguo la 6 hutoa upya vyeti vya watumishi wa ndani, la 3 hutoa upya cha mlangoni. La 8 huvifuta na kuvitoa vyote, na watu hulipenda kwa sababu ni moja. Mimi huanza na 6, kisha 3 ikihitajika, kwa sababu nikikwama najua nimekwamia wapi. Kitakuuliza maswali kadhaa. Nchi andika KE, anwani iwe ile ya vCenter, na penye jina la mashine weka lile ulilolipata kwa get-pnid, bila kupunguza wala kuongeza. Kosa la herufi moja pale litakugharimu usiku mwingine. Kikimaliza, huduma zote hushuka na kupanda, nayo huchukua muda. Usikate. Baadaye programu ya bekapu na nyinginezo zitalalamika kwamba alama ya cheti imebadilika, uzikubalie.

Usijaribu kuirudisha nyuma saa ya mashine ili vyeti "vifufuke". Njia hiyo huwa inazunguka midomoni mwa mafundi, nayo huacha data yenye tarehe za mchanganyiko na humtatanisha kila anayekuja baada yako.

vCenter ya zamani ikishafunguka, ingia, hakikisha seva zote tatu zimeungana, na kama ilikuwa imejiunga na Active Directory (orodha ya watumiaji ya Microsoft) angalia kwamba bado inatambulika, maana baada ya kurudi nyuma wakati mwingine hulazimu kuiunganisha upya. Kisha iache ifanye kazi siku mbili tatu. Usirukie upandishaji usiku huohuo.

Wakati inapumzika, mrudie yule mgeni aliyeanguka. Usimfute kabla hujamhoji. Mwashe, kadi ya mtandao ikiwa imetengwa, uingie kupitia skrini ya ESXi usome /var/log/firstboot/firstbootStatus.json. Faili hiyo inataja hatua gani ya kuinuka ilishindwa, na pembeni yake kuna logi yenye jina la hatua hiyo. Zilizo chini ya /var/log/vmware/upgrade zinaeleza upande wa uhamishaji. Ukiona hatua iliyoshindwa inataja cheti au jina, utajua tiba yako imegusa penyewe. Baada ya hapo mfute. Mashine iliyoanguka katika hatua ya pili haitengenezwi, husimikwa nyingine.

Sasa jaribio la pili. Bekapu ya mafaili ya vCenter ichukuliwe kwenye ukurasa wa usimamizi, bandari ya 5480, na ihifadhiwe nje ya klasta. Inakubali SFTP, SMB, NFS na njia nyingine. Nywila ya root ikague kwa chage -l root. Kwa kawaida inakufa baada ya siku 90, na ikifa upandishaji hukataa. DRS iweke kwenye hali ya mkono, isije ikaihamisha mashine katikati ya kazi. Ukilenga kusimika moja kwa moja kwenye seva ya ESXi na mnatumia swichi ya pamoja, utahitaji kundi la bandari la aina ya ephemeral (lisilohitaji vCenter kugawa bandari), au tumia swichi ya kawaida ya seva hiyo. Anwani ya muda iwe ya mtandao uleule na isitumiwe na mtu. Diski iweke nyembamba (thin) kama nafasi ni ya shida. Ukubwa mdogo kabisa katika toleo la 8 ni kumbukumbu ya GB 14 na vCPU (prosesa pepe) 2, unaotosha seva 10 na mashine 100, kwa hiyo nyinyi mmo ndani kwa raha.

Pakua ISO (faili la kusimika) ya karibuni kabisa ya toleo la 8. Hili lina sababu. Kiraka cha toleo la 7 kilichotoka baada ya ISO yako ya 8 huifanya safari kuwa ya kurudi nyuma kwa tarehe, nayo haikubaliwi hata kama namba inapanda. Penye swali la data ya kuhamisha, chagua usanidi na orodha ya mashine tu. Matukio na takwimu za utendaji za miaka zinarefusha kazi, na sijaona ofisi ya seva tatu iliyozihitaji kesho yake. Maonyo ya njano ya ukaguzi wa awali yasome moja moja, na uyapige picha. Nina hakika Jumapili yalikuwepo.

Laptopi itumie kebo, isiwe kwenye Wi-Fi, na betri imejaa. Ikizimika baada ya hatua ya kwanza kumalizika, usianze upya. Fungua bandari ya 5480 kwenye anwani ya muda ya mashine mpya, na hatua ya pili utaiendelezea hapo. Na ile UPS iliyowaangusha ibadilishwe betri kabla ya usiku huo, si baada. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba cha seva cha Shimanzi mwezi wa pili na wa tatu wewe wakijua kuliko mimi. Betri ambayo kiwandani wanasema miaka minne, huku kwetu usiihesabie hivyo.

Uanze na vCenter, seva za ESXi baadaye. vCenter 8 inazisimamia ESXi 7 bila shida, kwa hiyo huna haja ya kuvifanya vyote usiku mmoja. Kabla ya kuzipandisha seva zenyewe angalia kwenye mwongozo wa ulinganifu kama prosesa zake bado zinakubaliwa, na kama ESXi inawaka kutoka kadi ya SD au USB, panga kuihamishia kwenye diski ya kweli. Programu ya bekapu nayo iwe ya toleo linaloijua vCenter 8, la sivyo utaamka na vCenter nzuri na bekapu iliyokufa.

Leseni ni swali la kumpelekea bosi mapema. Ufunguo wa 7 hauifungui 8. Utapewa siku 60 za majaribio, kisha lazima uwe na wa 8. Tangu Broadcom wainunue VMware Novemba 2023, leseni za kudumu ziliacha kuuzwa na mambo yamekuwa ya malipo ya kila kipindi. Kama mkataba wenu wa msaada umekwisha, mjue bei kabla hujasimika, usije ukaigundua siku ya 59. Na ikiwa bei haishikiki, kuhamia Proxmox, mfumo mwingine wa mashine pepe, si aibu kwa ofisi ya seva tatu. Ni kazi ya wiki kadhaa yenye kujifunza upya, lakini inafanyika, na ningependa muamue hivyo kwa utulivu kuliko kubaki kwenye 7 miaka mingine.

Kubaki ndiko ninakokukataza kwa moyo wote. Msaada wa kawaida wa toleo la 7 ulikwisha tarehe 2 Oktoba 2025. Chombo hiki kikiingiliwa, mwizi amepata funguo za mashine zote kwa mkupuo. Udhaifu wa CVE-2024-38812 ulipewa alama 9.8 kati ya 10 na haukuhitaji nywila yoyote, kufika kwenye mtandao wa vCenter kulitosha. Kiraka cha kwanza cha Septemba 2024 hakikuuziba sawasawa, wakatoa kingine Oktoba. Kwa hiyo leo hii, hata kabla ya kutengeneza, hakikisha ukurasa wa vCenter hauonekani kutoka intaneti wala kutoka Wi-Fi ya wageni wa ofisi. Makarani wa mapokezi hawana kazi nayo.

Ikishapanda na kutulia, futa snapshoti ndani ya siku chache, maana huvimba na kula hifadhi. Ile ya zamani iache imezimwa, kadi imetengwa, wiki mbili, kisha uifute. Soma tena tarehe za vyeti kwenye mpya, uziandike kwenye kalenda ya simu yako na ya mwenzako mmoja.

Ukikwama kabla ya hapo, nitumie mambo matatu: matokeo ya service-control, matokeo ya df -h, na zile tarehe za vyeti. Majina ya mashine na anwani zifiche. Na unieleze ile nslookup ya kutoka anwani kwenda jina imekujibu nini.